Nyumba ya mama na mabinti zake: kwa nini Wakaren wa vijijini huhama, na huhama karibu

SWALI

"Shikamoo Mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili katika masomo ya idadi ya watu, na kwetu ni Masasi. Nimesoma kwamba katika vijiji vya Wakaren, milimani huko kaskazini na magharibi mwa Thailand, watu huhama sana, ila wengi huhama karibu: kijiji cha jirani, bonde la pili, mji wa wilaya. Maandishi niliyoyapata yanasema kuwa mambo ya kaya ndiyo yanayoamua nani ahame na nani abaki, lakini yanayaorodhesha tu, yaani ukubwa wa kaya, umri wa mkuu wa kaya, ardhi na elimu. Naomba unieleze mambo hayo yanafanyaje kazi, na kama lipo la kunifaa nitakapokwenda kuhoji kaya za kwetu."

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo orodha haziwezi kulijibu, kwa hiyo nitaanza na jibu lenyewe kisha nilifafanue kwa urefu.

Kaya ya Kikaren ina umri wake, kama mtu alivyo na umri wake. Huanza, hukua, hugawanyika, huzeeka, na kwa desturi ya zamani hata hufa na kubomolewa. Sehemu kubwa ya kuhama huko kwa karibu ni kaya zinazovuka kutoka rika moja kwenda jingine. Kinachoendesha umri huo, kuliko idadi ya watu waliomo na kuliko umri wa yule aliyeandikwa kuwa mkuu wa kaya, ni mabinti: wako wangapi, nani kifungua mimba, nani kitinda mimba, na ni lini kila mmoja ameolewa. Ardhi, elimu na sheria za misitu hubadili mwendo huo kwa nguvu sana, nami nitafika huko, lakini ukianza na ardhi kabla ya mabinti utayapima mambo yote na kubaki hujui yanaunganaje.

Kwanza maneno machache kuhusu watu wenyewe. Wakaren ni jina la jumla la jamii kadhaa zenye lugha za karibu, na walio wengi ni Wasgaw na Wapwo. Wengi wao wanaishi Myanmar, hasa Jimbo la Kayin na uwanda wa mto Irrawaddy. Upande wa Thailand wamo zaidi katika mikoa ya Mae Hong Son, Chiang Mai, Tak na Kanchanaburi, na ndio kundi kubwa kuliko yote kati ya yale ambayo serikali huyaita makabila ya milimani. Nitakayosema yanahusu hasa Wasgaw wa milima ya Thailand, ambao kaya zao zimechunguzwa kwa makini tangu miaka ya 1960; Myanmar nitaigusa mwishoni kwa sababu huko vita vimeingilia kati.

Sasa tuingie nyumbani. Nyumba ya Kikaren ni ya mbao na mianzi, imeinuliwa juu ya nguzo, na moto wa kupikia uko ndani, juu ya kichanja cha udongo sakafuni. Chini ya sakafu wanalala nguruwe na kuku. Pembeni kuna ghala la mpunga. Msichana ambaye hajaolewa huvaa kanzu ndefu nyeupe, na akiolewa huivua na kuvaa blauzi na sketi iliyofumwa kwa rangi, kiasi kwamba mgeni akipita kijijini anaweza kuhesabu kwa macho ni nyumba ngapi zina harusi mbele yao. Kwa desturi, nyumba hiyo ni ya mama. Mwanamume akioa, yeye ndiye anayebeba panga lake na blanketi lake na kuhamia ukweni. Wanandoa wapya huishi na kulima pamoja na wazazi wa mke kwa miaka kadhaa. Mabinti wawili walioolewa hawakai chini ya paa moja na waume zao, hivyo mdogo anapokaribia kuolewa, mkubwa na mumewe huondoka na kujenga nyumba yao, mara nyingi palepale kijijini. Binti wa mwisho haondoki. Yeye hubaki na wazazi, huwatunza uzeeni, hurithi nyumba, na katika mgawanyo wa mali hupewa nyongeza kwa ajili ya kazi hiyo. Mama alipofariki, desturi ya zamani ilikuwa nyumba yake ibomolewe, na waliobaki wajenge nyingine.

Tuifanyie hesabu. Chukua nyumba ya mfano, ambayo nimeitunga ili uone hesabu tu: mama, baba, mabinti watatu na mvulana mmoja. Binti wa kwanza anaolewa baada ya mavuno, na mume anakuja kutoka kijiji kilicho mwendo wa nusu siku. Hiyo ni hama ya kwanza. Miaka mitatu au minne baadaye binti wa pili anaposwa, kwa hiyo dada mtu na mumewe na watoto wao wawili wanahamia nyumba mpya, hatua hamsini kutoka kwa mama, ya pili. Anaingia mkwe wa pili, ya tatu. Mvulana naye anaoa na kwenda zake ukweni, ya nne. Kitinda mimba anapoolewa, binti wa pili na familia yake wanatoka, na mkwe wa tatu anaingia. Ya tano na ya sita. Katika miaka kumi hivi nyumba moja imezalisha hama sita, na hakuna hata moja iliyotokana na njaa, ukame au kutafuta fedha. Nne kati ya hizo zimevuka mpaka wa kijiji, na zote nne ni za wanaume. Mbili hazikuvuka mpaka wowote, lakini kila moja imezaa kaya mpya, ghala jipya na shamba jipya, na kwa uchumi wa kijiji hizo mbili ni nzito kuliko zile nne.

Tazama sasa ni ngapi kati ya hizo sita zitaonekana kwenye sensa. Sensa nyingi huuliza mtu alikuwa akiishi wilaya gani au kata gani miaka kadhaa iliyopita. Vijiji vinavyooana viko jirani, na mara nyingi viko chini ya tarafa moja. Kijana aliyebadili kijiji, wakwe, shamba na mizimu ya kuheshimu ataandikwa kuwa hajahama. Ndiyo maana mtu anayesoma takwimu za kitaifa pekee huona jamii iliyotulia, na anayekaa kijijini mwaka mzima huona watu wasiotulia. Wote wawili wanatazama watu walewale.

Kwa nini mwendo wa nusu siku? Hapa kuna jambo ambalo limenishughulisha kwa miaka mingi. Vijiji ni vidogo, na vingi vina makumi machache tu ya nyumba. Baada ya vizazi viwili vitatu vijana wa kijiji kimoja wanakuwa ndugu, na kuoana kwa watoto wa ndugu wa karibu kumekatazwa, hivyo mchumba hutafutwa kwingine. Lakini vijana wa vijiji mbalimbali wanakutana wapi, wakati miezi karibu yote ya mvua kila mtu yuko shambani kwake? Kwa desturi walikutana msibani. Mtu akifariki, habari zilipelekwa vijiji vya jirani, na vijana wa kiume na wa kike walikuja kuzunguka maiti usiku kucha wakiimbiana mashairi yanayoitwa tha, upande mmoja ukiuliza na wa pili ukijibu. Katika kujibizana huko ndiko walikochumbiana. Kwa hiyo umbali wa ndoa, ambao ndio umbali wa hama nyingi, uliwekwa na umbali ambao habari ya msiba na miguu ya kijana vingeweza kwenda kabla ya maziko. Chora duara la umbali huo kuzunguka kijiji na utakuwa umechora sehemu kubwa ya uhamaji wa Wakaren kabla ya barabara. Pikipiki zilipofika duara lilipanuka, na shule za bweni zilipofika lilipasuka kabisa, kwa kuwa vijana sasa hukutana darasani.

Utakumbuka kutoka darasani kwenu kwamba mwanajiografia Ravenstein, alipozichambua sensa za Uingereza mwaka 1885, aliona kuwa wahamaji wengi huenda karibu, na kwamba katika safari fupi wanawake ni wengi kuliko wanaume. Sehemu ya kwanza inawahusu Wakaren neno kwa neno. Sehemu ya pili inageuka chini juu, kwa sababu pale anayehamia kwa mwenzake ni mume. Wewe uliyezaliwa Masasi huhitaji kushangaa. Wamakua, Wamakonde, Wayao na Waluguru wanaujua vizuri utaratibu wa mume kwenda ukweni na wa ukoo kuhesabiwa kuukeni, na majirani zenu wa Ziwa Nyasa wanauita chikamwini. Wenzako wa darasani waliokulia katika koo za kuumeni watasoma habari za Wakaren kama kioja cha mbali, na hapo wewe unaanza na faida.

Usiichukue kanuni ya mume kwenda ukweni kama chuma, hata hivyo. Miaka ya kwanza ukweni hufuatwa na wengi, lakini baada ya hapo wanandoa hupiga hesabu. Ikiwa kwao mume kuna majaruba ya mpunga, yaani vipande vya bondeni vilivyozungushiwa kingo za kushika maji, na kwao mke hakuna, wanaweza kurudi kwao mume. Ikiwa nyumba haina binti, mvulana mmoja hubakizwa na mkewe huletwa. Mkwe aliyegombana na baba mkwe huondoka mapema. Kanuni inakuambia kaya inaanzia wapi kufikiri. Haikuambii itakapoishia, na hapo katikati ndipo ardhi, mikono na midomo vinapoingia.

Kabla ya ardhi kuna kifungo kimoja ambacho maandishi ya uchumi hukipita. Wasgaw walikuwa na ibada ya mizimu ya ukoo wa kike, iitwayo au xe, ambayo hufanyika ndani ya nyumba ya mama mkubwa wa ukoo: nguruwe na kuku huchinjwa, na watoto na wajukuu wa tumbo lake hula pamoja kwa mpangilio uliowekwa. Sharti lake ni kwamba wanaohusika wahudhurie wote. Mmoja akikosekana ibada haifai, na ikiwa inafanywa kwa ajili ya mgonjwa, ugonjwa utabaki. Waume waliooa nyumbani humo hawaingii, kwani wao ni wa ibada ya mama zao, na siku yao ikifika lazima nao warudi kwao. Fikiria maana yake kwa anayetaka kwenda mbali. Kijana aliye siku nne kutoka kwa mama yake anaishikilia afya ya ukoo mzima mkononi mwake. Ibada hiyo ilikuwa kama kamba ndefu iliyofungwa kiunoni mwa kila mtu, na urefu wa kamba ndio uliokuwa urefu wa kuhama. Kaya nyingi sasa zimeiacha, baadhi kwa kuingia Ukristo au kushika Ubuddha kikamilifu, na wengine walisema wazi kuwa kuwakusanya watoto waliotawanyika na kuwatafutia nguruwe kumewashinda. Sababu na matokeo hapo vimefungamana: kuhama kulidhoofisha ibada, na ibada ilipodhoofika kuhama kukawa rahisi. Kwa hiyo dini ya kaya, ambayo dodoso nyingi huiweka ukurasa wa mwisho kama taarifa ya kujaza, katika jamii hii ni kipimo cha umbali.

Tuje kwenye mashamba. Serikali na magazeti wameyaita mashamba haya kilimo cha kuhamahama, na jina hilo limewaumiza sana wenyewe, kwa sababu limewafanya waonekane watu wa kuchoma msitu na kukimbia. Kwa Wakaren kinachozunguka ni shamba, na kijiji kinabaki. Kaya hufyeka kipande kimoja mnamo Januari na Februari, huacha kikauke, hukichoma Machi au Aprili, hupanda mpunga wa mlimani pamoja na maboga, pilipili, ufuta na mboga nyingi mvua zinapoanza, hupalilia miezi yote ya mvua, na huvuna Oktoba na Novemba. Mwaka unaofuata kipande hicho hulazwa na kingine hufunguliwa, na baada ya miaka saba hadi kumi kaya hurudi pale ilipoanzia, ikikuta miti imekua tena na udongo umepumzika. Ni kweli kwamba zamani kijiji chenyewe kiliweza kusogea, kwa mfano alipofariki hi kho, mzee wa kijiji wa kiibada, lakini kilisogea ndani ya milki yake, na mashamba yaliyolazwa yalibaki yaleyale.

Hesabu yake ni ngumu kuliko inavyoonekana. Kaya inayolaza shamba miaka saba inahitaji vipande vinane ili ilime kimoja. Kila binti anayetoka na kuanzisha nyumba yake anahitaji vinane vyake. Nyumba yetu ya mfano, iliyoanza na ghala moja, baada ya miaka kumi imekuwa maghala matatu yenye haja ya vipande ishirini na vinne. Msitu ukiwepo hakuna tatizo. Usipokuwepo, kuna njia tatu tu: kupunguza miaka ya kulaza, kutengeneza majaruba bondeni, au kumpeleka mtu kwingine.

Njia ya kwanza ina mtego ambao wengi hawauoni. Shamba lililolazwa miaka mitatu halikupata kivuli cha kutosha kuua magugu, hivyo likifunguliwa magugu huota pamoja na mpunga, na kazi ya kupalilia huongezeka maradufu huku mavuno yakipungua. Kaya inayobanwa na ardhi inajikuta inahitaji mikono mingi zaidi, na inaihitaji kati ya Juni na Agosti, miezi ileile ambayo mpunga wa mwaka jana unaisha ghalani. Ndiyo sababu kaya maskini za Wakaren mara nyingi hazipeleki watu mbali mwaka mzima, ingawa nadharia nyepesi ingekuambia wao ndio wangekimbia kwanza. Wanatoka baada ya mavuno, wanafanya vibarua vya miezi ya kiangazi, kubeba, kujenga, kuchuma matunda na mboga kwenye mashamba ya mabondeni, kisha wanarudi mvua inapoanza. Palizi ndiyo inayowavuta nyumbani.

Hapa Mrusi mmoja wa mwanzoni mwa karne iliyopita, Chayanov, anasaidia. Yeye alihesabu katika kaya za wakulima midomo ya kula na mikono ya kufanya kazi, akaonyesha kwamba uwiano wa viwili hivyo hupanda na kushuka kadiri kaya inavyokua. Irudie nyumba yetu ya mfano kwa jicho hilo. Mkwe wa kwanza anapoingia, mikono inaongezeka na midomo bado michache, ghala linajaa, na nyumba inaweza kumruhusu mvulana aende shule au akafanye kazi mjini. Binti mkubwa anapotoka na mumewe wakiwa na watoto wawili wachanga, nyumba yao mpya inaanza ikiwa na mikono ya watu wawili na midomo minne, mmoja wake bado unanyonya, na mama wa watoto hawezi kupalilia siku nzima. Hiyo ndiyo kaya dhaifu kuliko zote kijijini, na kwa jicho la dodoso inaonekana ni kaya changa, ndogo, yenye mkuu mwenye nguvu zake. Kaya mbili za watu wanne zinaweza kuwa katika hali zinazopingana kabisa: moja ya wazazi wenye watoto wachanga, nyingine ya wazee wenye binti na mkwe. Ukizitia katika safu moja kwa kuwa ukubwa wao ni sawa, utapata jibu la kwamba ukubwa wa kaya hauna athari, na utakuwa umejidanganya kwa hesabu sahihi.

Majaruba yana tabia yake. Ni ya kudumu, yana mfereji, yana mwenyewe, na hugawanywa kwa watoto wote, wa kike na wa kiume, kwa kiasi kinachokaribiana. Kaya yenye majaruba huwavuta wakwe na huwashikilia. Isiyo nayo huwapoteza. Nakusihi usiyaweke majaruba kama sababu ya kubaki tu. Hayo ndiyo yanayoelekeza upande, yaani yanaamua kati ya koo mbili zilizooana ni ipi itakayobaki na wanandoa baada ya ile miaka ya kwanza, na kwa kizazi kimoja yanaweza kuhamisha watu wengi kutoka vijiji vya mteremkoni kwenda vya bondeni bila mtu yeyote kusema kwamba amehama kwa sababu ya ardhi. Muulize, atakuambia amemfuata mkewe, au mkewe amemfuata yeye. Wote wanasema kweli.

Mfumo huu ulibanwa na sheria kabla haujabanwa na idadi ya watu. Sheria ya hifadhi za taifa ya mwaka 1961 na ile ya misitu ya akiba ya mwaka 1964 ziliyaweka mashamba mengi ya milimani ndani ya ardhi ya serikali, na shamba lililolazwa, ambalo kwa mwenyewe ni akiba ya miaka ijayo, machoni pa afisa misitu ni msitu uliorudi na usioguswa tena. Azimio la baraza la mawaziri la tarehe 3 Agosti 2010 lililenga kuyarejesha maisha ya Wakaren na kukitambua kilimo chao cha mzunguko, na vijiji kama Huay Hin Lad Nai mkoani Chiang Rai vimekuwa mfano wa kutajwa, lakini utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Bang Kloi, katika msitu wa Kaeng Krachan, ni kisa kinachoniumiza kila ninapokifundisha. Watu walishushwa kutoka kijiji chao cha juu mwaka 1996. Wengine walirudi kwa kuwa ardhi ya chini haikutosha. Mwaka 2011 nyumba na maghala ya waliorudi yalichomwa na maafisa. Mwanzoni mwa 2021 wengine walipanda tena, wakakamatwa na kushushwa. Kwa swali lako, zingatia jambo hili: kipande cha ardhi kinachogawiwa mara moja kwa kila kaya kimehesabiwa siku moja, nayo kaya haikai kwenye siku moja. Mabinti wanaolewa, nyumba zinagawanyika, na kipande hakigawanyiki pamoja nazo. Watu wanaporudi juu, wakubwa huita ukaidi. Mimi ninaona kaya zilizofika rika la kugawanyika na kukosa pa kugawanyikia.

Kuhusu kazi ya mshahara nitakuwa mfupi, kwa kuwa huko maandishi unayo. Kwa miaka mingi wanaume wa Kikaren walisifika kwa kuongoza tembo wa kukokota magogo ya msaji. Marufuku ya ukataji miti ya Januari 1989 ilifunga kazi hiyo, na wengi wakaelekea kwenye kambi za watalii. Wachumi Stark na Bloom walipoandika mwaka 1985 kwamba anayeamua safari ya mhamaji ni kaya, kama namna ya kujikinga na mabaya ya shambani, walikuwa wanaeleza kitu ambacho ghala la mpunga la Kikaren lilikuwa linakifanya tayari: mmoja mjini, wengine shambani, na mwaka mbaya wa upande mmoja unafunikwa na upande wa pili. Ongeza vizuizi vya karatasi. Kila kaya nchini Thailand ina kitabu cha usajili wa nyumba, tabien baan, na mtu asiye na uraia kamili, ambao milimani wamekuwa wengi, kwa miaka mingi alihitaji kibali ili atoke eneo lake. Mtu wa namna hiyo alihama karibu kwa sababu mbali kungemfikisha polisi. Dodoso lisilouliza hali ya uraia wa kila mwanakaya litayapa mapenzi ya nyumbani sifa ambayo kwa kweli ni ya kizuizi cha barabarani.

Elimu ndiyo inayogeuza mambo sasa, nayo inanirudisha kwa mabinti. Shule za msingi zilifika vijijini. Za sekondari ziko miji ya wilaya, na watoto hukaa mabwenini, mengi yakiwa ya makanisa. Kwa kuwa shule zimefika hatua kwa hatua, na wakubwa hubaki kulima ili wadogo wasome, mara nyingi aliyesoma zaidi nyumbani ni kitinda mimba. Na kitinda mimba, akiwa wa kike, ndiye ambaye desturi imemtaka abaki, arithi nyumba na kuwatunza wazazi. Yule ambaye mji unamtaka zaidi ndiye ambaye nyumba inamtaka zaidi. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye jambo lenyewe la uhamaji wa Wakaren wa leo, na suluhu wanazozipata ni za umbali wa kati: anafundisha au anauguza katika mji wa wilaya, anapanda pikipiki kila mwisho wa juma, na jina lake halitoki kwenye kitabu cha nyumba ya mama. Kwa kuwa uzazi nao umepungua, nyumba nyingi sasa zina binti mmoja tu, ambaye ni kifungua na kitinda kwa pamoja, na hana dada wa kupokezana naye.

Upande wa Myanmar, vita vilivyoanza Januari 1949 kati ya Wakaren wenye silaha na serikali, na hasa operesheni za jeshi za kukata chakula na habari tangu miaka ya 1960, vimewafanya watu wahame bila kuchagua. Kambi za wakimbizi upande wa Thailand zipo tangu 1984, na mapinduzi ya Februari 2021 yamewatoa wengine wengi. Hata humo kaya haipotei. Wengi hawakukimbilia mpakani kwanza. Walijificha msituni, karibu na mashamba na mpunga waliouficha, ili waweze kurudi kimyakimya kuvuna. Umbali wa kukimbia uliamuliwa na nani hawezi kutembea: bibi kizee, mjamzito, mtoto mchanga. Ile hesabu ya mikono na midomo ikawa hesabu ya migongo ya kubebea.

Sasa dodoso lako. Usianze na swali la kwa nini ulihama, kwa sababu watu watakupa sababu moja ya heshima na utaiandika. Anza na historia ya nyumba: ilijengwa mwaka gani, nani aliingia, nani alitoka, na nani alikuwa ameolewa wakati huo. Chora ndugu wote wa mke na wote wa mume, pamoja na wasiokuwapo, na uandike kila mmoja anaishi wapi na alifika huko lini. Hesabu kila hama, hata ya hatua hamsini, kisha uamue baadaye zipi utazichambua. Usiyoiandika hutaipata tena. Uliza nani hula chungu kimoja na nani huchota ghala moja, maana mara nyingine hao ni watu tofauti. Kumbuka pia kwamba kaya iliyohama yote haipo kukujibu, na huenda hizo ndizo zilizobanwa kuliko zote, kwa hiyo waulize majirani kuhusu kila kiwanja kitupu na kila nguzo zilizosimama bila nyumba.

Mwisho, chagua msimu wako. Ukienda Masasi wakati wa korosho utakuta wageni wa vibarua na wenyeji waliorudi. Ukienda baada ya fedha kwisha utakuta kijiji kingine. Nenda mara mbili ukiweza. Na dodoso la majaribio likikamilika niletee nilisome, hasa ukurasa wa ndugu wa kike.